Klabu Yenu Inapotafutiwa Mmiliki Mpya: Namna ya Kupima Kabla ya Kupiga Kura

Habari za mnunuzi hazianzii ofisini. Huanzia ndani ya matatu ya mashabiki inayorudi Kisumu kutoka uwanja wa Bukhungu, Kakamega, jioni ya sare isiyompendeza mtu, pale mmoja anaposema amesikia kuna tajiri anayeitaka klabu. Matatu ikipita Mamboleo, tajiri huyo ameshajengewa sifa. Ikifika Kondele, watu wanajadili mshambuliaji atakayesajiliwa na mishahara ya miezi minne itakayolipwa kwa mkupuo. Siwalaumu wanaoyasema hayo. Mtu aliyeichangia klabu nauli, jezi na maji ya wachezaji kwa miaka mingi ana haki ya kutamani siku ambayo mzigo huo utabebwa na mwingine. Lakini hamu hiyo ndiyo hutufanya tukubali mambo tusiyoyasoma, nami nayasema haya kwa sababu yalitupata.

Klabu ya mtaa wetu wa Manyatta, iliyokuwa ikicheza ligi ya daraja la chini, ilipata mnunuzi miaka kadhaa iliyopita. Mkutano ulifanyika Jumapili alasiri katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tukiwa tumejibana kwenye madawati ya watoto, na mkataba tulioletewa ulikuwa na kurasa mbili. Mwenyekiti alisoma kwa sauti ukurasa wa kwanza, uliohusu malimbikizo ya mishahara ya miezi mitatu na seti mbili za jezi. Ukurasa wa pili haukusomwa, kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na darasa halikuwa na taa. Tulipiga makofi, tukaomba dua, tukaenda nyumbani. Msimu uliofuata timu ilicheza katika kaunti nyingine, kwa jina jingine, ikitumia nafasi ya ligi ambayo vijana wetu waliipigania kwa miaka sita. Ukurasa wa pili ulikuwa umeyasema yote hayo waziwazi. Sisi tulibaki na gunia la jezi kuukuu chini ya kitanda cha mama aliyekuwa akizifua, pamoja na kopo la biskuti lililojaa kadi za usajili za wachezaji.

Tangu siku hiyo nimejifunza kumpima mnunuzi kwa siku atakayoondoka, wala si kwa siku atakayofika. Siku ya kufika kila mnunuzi ni mkarimu, ana picha na jezi mpya mkononi. Swali ambalo mashabiki wanapaswa kulirudia katika kila hatua ni hili: mtu huyu akichoka, akifilisika, akifa au akigombana nasi baada ya miaka mitatu, ni kitu gani kitakachobaki mikononi mwetu? Hatua ninazozieleza hapa zote zinatafuta jibu la swali hilo.

Jueni kwanza kinachouzwa

Sisi husema "klabu" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali mnunuzi huona vitu vingi vinavyoweza kutenganishwa. Kuna jina na nembo. Kuna nafasi katika ligi, ambayo kwa wanunuzi wengi ndiyo mali yenye thamani kuliko zote, kwa sababu humwepusha mtu na miaka ya kupanda daraja moja baada ya jingine. Kuna mikataba ya wachezaji na ya kocha. Kuna basi, mipira, nyavu, pengine kipande cha ardhi kilichonunuliwa na wazee. Kuna akaunti ya benki na namba ya malipo ya M-Pesa ambayo mashabiki hutuma michango yao. Na kuna madeni. Chukueni karatasi, mwandike kila kimoja kwenye mstari wake, kisha mbele ya kila mstari mwandike kama kinauzwa, kinakodishwa au kinabaki. Mstari ambao hakuna anayeweza kuujibu ndio wa kumpelekea mwenyekiti kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Kuna mali moja isiyoonekana ambayo klabu za magharibi mwa Kenya huisahau mno, ingawa vijana wa shule na mitaa ya Kakamega, Kisumu na Bungoma wamekuwa wakisafiri kwenda kucheza nje kwa miongo mingi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza miaka 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Tuseme kijana aliyekaa kwenu misimu mitatu, akiwa na miaka 16, 17 na 18, anauzwa baadaye kwa kiasi kinacholingana na shilingi milioni 100. Fungu la klabu iliyomlea ni shilingi milioni 1.5, nalo hulipwa tena kila anapouzwa upya kwa namna hiyo. Fedha hizo hufuata kumbukumbu za usajili zinazoonyesha tarehe. Nilipolifahamu jambo hili nilikwenda kulitafuta lile kopo la biskuti, nikakuta panya wamekula nusu ya kadi. Kwa hiyo mkataba wowote wa mauzo uandike kwa majina ni wachezaji gani waliolelewa na klabu kabla ya mauzo, na fungu lao litakwenda kwa nani.

Mnunuzi akisema kwamba atatoa mkopo leo ili apate sehemu ya bei ya mchezaji fulani atakapouzwa kesho, mkataeni papo hapo. FIFA ilipiga marufuku umiliki wa namna hiyo tangu Mei 2015, na adhabu huiangukia klabu iliyokubali.

Nani mwenye haki ya kuuza?

Swali hili huulizwa kwa kuchelewa. Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, na AFC Leopards, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, zilikua kama klabu za jamii, ambapo wanachama ndio msingi wa uamuzi. Katika klabu ya namna hiyo mwenyekiti ni mtumishi aliyechaguliwa, na saini yake peke yake haitoshi kuhamisha mali ya wanachama. Klabu nyingine zina mwenyewe kisheria, awe mtu binafsi au kampuni, na shabiki hana kura hata akiwa amekaa uwanjani miaka 30. Nyingine ni za taasisi: Ulinzi Stars ni ya jeshi, na mashabiki wake hawana haja ya kusoma mwongozo huu kwa hofu.

Mashabiki wa miji ya sukari ndio ninaowafikiria zaidi ninapoandika sehemu hii. Chemelil, Muhoroni, Awendo na Nzoia zilikuwa na timu zilizobeba majina ya viwanda au miji yake, na hali ya kiwanda ndiyo iliyokuwa hali ya timu. Sony Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 ikaondolewa katika ligi kuu baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Mwaka 2025 Serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma, yaani Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni, kwa kampuni binafsi kwa kipindi cha miaka 30. Kiwanda kinapobadilisha mikono kwa njia hiyo, timu huenda ikawa imebadilisha mmiliki bila neno "kandanda" kutajwa katika mkataba hata mara moja. Mashabiki wa klabu ya kiwanda hawatapiga kura, lakini wanaweza kuandika barua kwa uongozi mpya na nakala kwa mwakilishi wa wadi, wakiuliza mambo matatu tu: timu imo katika makubaliano au haimo, nani atalipa mishahara msimu ujao, na kama timu haitakiwi, jina na nafasi ya ligi vinaweza kukabidhiwa jamii. Barua hiyo ipelekwe mapema, kabla ya msimu kuanza, kwa sababu timu inayokufa kwa kukosa nauli hufa katika wiki chache.

Kwa klabu nyingine zote, kazi ya kwanza ni kuipata katiba ya klabu na kuisoma yote. Tafuteni kifungu kinachosema nani ni mwanachama, idadi inayotosha kufanya mkutano mkuu kuwa halali, siku za notisi, na wingi wa kura unaohitajika ili kuuza mali au kubadilisha katiba. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe na Msajili wa Michezo, kwa hiyo mwandikieni Msajili mkiuliza klabu imesajiliwa kwa jina gani na viongozi walioandikishwa ni akina nani. Nimewahi kuona wazee wanne wakigombania haki ya kuuza klabu ambayo kwenye rejista viongozi wake walikuwa ni watu wengine kabisa, wawili kati yao wakiwa marehemu. Ikiwa klabu imesajiliwa kama kampuni, ombeni hati ya CR12 kupitia eCitizen. Hati hiyo huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Mkijibiwa kwa ukimya na ofisi ya umma, kumbukeni kwamba Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na barua inayoitaja Ibara hiyo kwa utulivu husomwa kwa makini zaidi kuliko malalamiko ya matusi. Mgogoro ukishindikana, kuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, ambalo liliundwa kwa Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2013.

Madeni yasemwe kwa majina

Viongozi hupenda kutaja deni kwa jumla moja: "Tunadaiwa kama milioni mbili hivi." Msikubali jumla. Deni la klabu lina watu ndani yake, na kila mdai ana nguvu tofauti. Mchezaji aliyeondoka bila kulipwa anaweza kwenda kushtaki, na akiwa ni wa kutoka nje ya nchi, kesi yake inaweza kufika FIFA. Gor Mahia na AFC Leopards zote zimewahi kuzuiwa kusajili wachezaji kwa sababu ya madai ya namna hiyo. Mamlaka ya kodi nayo haisahau makato ya mishahara ambayo hayakuwasilishwa. Mwenye hoteli iliyolaza timu huko Mombasa anaweza kungoja, ila ataizuia mizigo safari ijayo. Na yupo mdai asiye na karatasi yoyote, yaani kiongozi au shabiki anayesema ameikopesha klabu fedha zake mwenyewe kwa miaka mingi. Huyu ndiye mara nyingi anayesukuma mauzo, kwa kuwa mnunuzi amemwahidi kumlipa kwanza. Simsemi kwa ubaya, kwani wapo waliouza ng'ombe ili timu isafiri. Lakini deni lake liwekwe mezani kama madeni mengine, likiwa na tarehe na ushahidi wa malipo, na yeye asiongoze kikao cha kuamua mauzo.

Baada ya orodha kukamilika, mwulizeni mnunuzi swali hili mbele ya watu: madeni haya unayachukua wewe, au yanabaki kwa jina la klabu? Tofauti ni kubwa. Akiyachukua, mkataba uonyeshe tarehe ya kumlipa kila mdai. Yakibaki kwa klabu, basi amenunua timu ikiwa safi na kuwaachia wanachama makaratasi.

Mnunuzi mwenyewe

Mashabiki huuliza mnunuzi ana fedha kiasi gani. Ulizeni zinatoka wapi, na ni za nani. Familia ya Glazer ilipoinunua Manchester United mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, zaidi ya nusu ya fedha hizo zilikuwa mikopo, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo ikabebeshwa klabu yenyewe. Klabu ambayo haikuwa na deni ikaanza kulipa riba kwa sababu ya kununuliwa. Jambo hilo linaweza kutokea hata kwa klabu inayocheza uwanja wa vumbi: mnunuzi huleta shilingi milioni tatu, mnashangilia, halafu mwisho wa mwaka mnaoneshwa vitabu ambamo fedha hizo zimeandikwa kama mkopo kwa klabu, unaoongezeka kwa riba. Kwa hiyo kila shilingi inayoahidiwa iandikwe ni ununuzi wa hisa, ni zawadi, au ni mkopo. Hakuna aina ya nne.

Bei ndogo isiwavutie wala isiwatie aibu. Itazameni kama dalili. Bury, klabu ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1885, iliuzwa kwa pauni moja Desemba 2018, na kufikia Agosti 2019 ilikuwa imefukuzwa katika ligi kwa sababu mmiliki alishindwa kuthibitisha kwamba ana uwezo wa kuiendesha. Pauni moja maana yake ni kwamba aliyeuza alikuwa anakimbia na aliyenunua hakuonyesha chochote.

Mwombeni mnunuzi taarifa za benki zinazoonyesha uwezo wa kuendesha timu kwa angalau misimu miwili, na mfanye hesabu ya msimu mmoja ninyi wenyewe: mishahara, nauli ya mechi za ugenini, malazi, marefa, gari la wagonjwa, ulinzi, maji. Msimwachie akadirie yeye. Ikiwa fedha zake zote zinatoka katika biashara moja, jiulizeni biashara hiyo ikifungwa kutakuwaje. Agosti 2019, baada ya mgogoro wa leseni na Serikali, kampuni ya kamari ya SportPesa iliondoa udhamini wake kwa ligi kuu na kwa Gor Mahia na AFC Leopards pamoja, na wachezaji wakakaa miezi mingi bila mshahara wa uhakika. Huo ulikuwa udhamini tu. Mmiliki anapoanguka, huanguka na ufunguo wa ofisi.

Nendeni pia mahali alikowahi kuendesha kitu, iwe timu, shule, kiwanda cha mahindi au kampuni ya mabasi. Chagueni watu wawili wenye subira, wapeni nauli ya klabu na si ya mnunuzi, wakaongee na dereva, mlinzi na mwenye duka la jirani. Ulizeni swali moja: mshahara ulikuwa ukifika tarehe ngapi? Jibu la mlinzi wa lango lina uzito kuliko barua ya sifa kutoka kwa mheshimiwa yeyote. Na ikiwa mnunuzi ni mwanasiasa, au anatarajiwa kuwa, tazameni kalenda ya uchaguzi mkuu kabla ya kutazama jambo lolote. Katika eneo letu timu nyingi zimezaliwa miezi 18 kabla ya kura na kukosa mipira miezi sita baadaye.

Yasiyouzwa, na siku ya kuondoka

Hapa ndipo ningeomba mtumie muda mwingi zaidi. Mnunuzi wa Cardiff City, klabu iliyovaa bluu kwa zaidi ya miaka 100 na kuitwa kwa jina la ndege wa bluu, aliivalisha timu jezi nyekundu mwaka 2012, na ilichukua hadi Januari 2015 kwa bluu kurudi baada ya mashabiki kushindana naye. Mashabiki wa Wimbledon, klabu ya London, walipata hasara kubwa zaidi: mwaka 2002 klabu yao iliruhusiwa kuhamishiwa Milton Keynes, mbali na London, na mashabiki wakaamua kuanza klabu mpya kutoka ligi za chini kabisa, wakarudi katika ligi za kitaifa mwaka 2011. Miaka tisa ya kupanda, kwa jambo ambalo kifungu kimoja kingelizuia.

Kifungu hicho kiandikeni ninyi. Kiseme kwamba jina, nembo, rangi kuu za jezi, kaunti ambayo timu itachezea mechi za nyumbani, na uuzaji wa nafasi ya ligi haviwezi kubadilishwa bila idhini ya wanachama kwa wingi mtakaoutaja, kwa mfano robo tatu ya waliohudhuria. Njia yenye nguvu zaidi ni kuviacha vitu hivyo mikononi mwa chama cha mashabiki kilichosajiliwa, kisha mmiliki apewe ruhusa ya kuvitumia kwa muda anaotimiza masharti. Akishindwa, ruhusa inaisha, jina na nembo vinabaki nyumbani. Mwanasheria kijana aliyeanza kazi mjini Kisumu anaweza kuandika jambo hili kwa ada ambayo tawi moja la mashabiki linaweza kuichanga, na msimtumie mwanasheria wa mnunuzi hata akijitolea bure.

Kuhusu mgawanyo wa hisa, majirani zetu wa Tanzania wametutangulia kwa mfano wa kutazamwa kwa makini. Simba na Yanga zilichagua mfumo unaowaachia wanachama asilimia 51 na wawekezaji asilimia 49. Kwa Simba, wanachama waliupitisha mwelekeo wa kuingiza mwekezaji, na Mohammed Dewji akajitokeza kuweka shilingi bilioni 20 za Tanzania kwa sehemu ya mwekezaji. Utekelezaji uliendelea kwa miaka kadhaa baada ya kura, jambo ambalo mashabiki wanapaswa kulitarajia. Ujerumani nayo ina kanuni inayotaka klabu mama ya wanachama ibaki na zaidi ya nusu ya kura, japo ipo klabu ambayo ilifanya uanachama kuwa mgumu kupatikana hivi kwamba kanuni ikabaki jina. Asilimia 51 ina maana pale tu wanachama wanapokutana, wanapopewa hesabu, na wanapoweza kumwondoa mwakilishi wao kwenye bodi. Hisa ndogo zilizotawanyika kwa watu mmoja mmoja hazilindi kitu: mwaka 2018 Stan Kroenke alipofikisha zaidi ya asilimia 90 ya hisa za Arsenal, mashabiki waliokuwa na hisa moja moja, nyingine za urithi wa babu zao, walilazimishwa na sheria kumuuzia. Wekeni hisa za mashabiki katika chombo kimoja.

Kisha njooni kwenye siku ya kuondoka. Mkataba uwe na majibu ya maandishi kwa maswali haya: akitaka kuuza, nani anapewa nafasi ya kwanza kununua, na kwa bei inayopatikana vipi? Mishahara ikichelewa kwa miezi mitatu mfululizo, je, uongozi unarudi kwa wanachama moja kwa moja? Akifa, warithi wake wanachukua nini? Akiondoka, fedha alizoziingiza anaweza kuzidai? Mnunuzi mwenye nia njema atasumbuka kidogo na maswali haya, kisha atayajibu, kwa kuwa hata yeye hapendi kukumbukwa kwa ubaya mitaani. Anayekasirika na kutishia kwenda kununua timu nyingine, mwacheni aende.

Kura

Portsmouth ya Uingereza iliokolewa na mashabiki wake mwaka 2013, ikaendeshwa nao bila madeni makubwa, na mwaka 2017 Michael Eisner wa Marekani akaja kutaka kuinunua. Walichofanya mashabiki wale kinanivutia kuliko matokeo yenyewe. Mnunuzi alisafiri kwenda kusimama mbele yao na kujibu maswali, masharti yakasambazwa, chama chao kikapiga kura ya wenye hisa, na takriban asilimia 80 wakakubali kuuza kwa pauni milioni 5.67. Waliuza wakiwa na klabu iliyosimama, si iliyokuwa ikizama, na kwa sababu hiyo waliweza kuuliza chochote.

Nanyi fanyeni hivyo kwa vipimo vyenu. Mkataba wote usambazwe wiki mbili kabla ya mkutano, kwa karatasi na kwa simu, na usomwe kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili na kwa lugha ambayo wazee wa klabu wanaielewa bila kukisia, iwe Dholuo, Kiluhya au Kigusii. Mkutano uanze asubuhi, mahali penye mwanga wa kutosha. Rejista ya wanachama ifungwe kabla ya notisi kutolewa, ili watu 200 wasiletwe kwa lori siku hiyo wakiwa na kadi mpya. Nauli na chai zilipwe na klabu. Mnunuzi asigawe hata soda. Kura iwe ya siri, kwa karatasi, na ihesabiwe mbele ya mawakala wa pande zote mbili. Wachezaji na kocha waalikwe kusema, hata kama hawana kura, kwa sababu wao ndio watakaolala njaa iwapo tumekosea.

Karatasi ya kura iwe na chaguo la tatu: "tusubiri." Ili chaguo hilo lisiwe maneno matupu, njooni na hesabu. Tuseme matawi yanaweza kupata watu 600 wa kulipa shilingi 200 kila mwezi. Hizo ni shilingi 120,000, ambazo hazitalipa mishahara ya ligi kuu lakini zinaweza kuifikisha timu ya daraja la chini mwisho wa msimu huku mnunuzi mwingine akitafutwa. Wanachama wakiona namba hiyo ubaoni, wataacha kupiga kura kwa hofu.

Kura ikipita, siku ya makabidhiano ihesabiwe kila kitu, na pande zote mbili zitie saini kwenye orodha: funguo, mipira, nembo ya asili, vitabu vya fedha, nywila za kurasa za klabu, hati ya gari. Kadi na kumbukumbu za usajili wa wachezaji zipigwe picha zote, nakala moja ibaki kwa chama cha mashabiki, na nakala halisi ziwekwe kwenye sanduku la chuma.